Kishikwambi Hakitoshi Kusomea

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vigawiwe walimu, imeota mizizi imani ninayoisikia kuanzia Tukuyu mjini hadi huku Masoko, wilayani Rungwe: kwamba suala la vitabu limekwisha. Mihtasari imo humo, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo katika maktaba yake ya mtandaoni, na programu za kusomea zinapakuliwa bure. Ukitaja kifaa chenye kioo kikubwa cha wino wa kielektroniki, kile cha kusomea tu, yaani kisomeo, unajibiwa kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu, kwani kishikwambi kinafanya hayo yote na zaidi. Imani hii ni potofu, na inatugharimu, kwa sababu imetuzoesha kuhesabu vitabu vilivyopakuliwa na kusahau kuuliza vilivyosomwa.

Chukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Kishikwambi cha inchi 10 kina kioo chenye upana wa sentimita kama 13.6. Ukurasa mzima ukiingizwa humo unabaki na takriban asilimia 65 ya ukubwa wake, na herufi iliyopangwa kwa pointi 12 inasomeka kama ya pointi 8. Kwenye kishikwambi cha inchi 8 herufi hiyo inashuka hadi pointi 6, sawa na maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Faili la PDF halijipangi upya kufuata kioo. Basi msomaji anakuza kwa vidole, anausogeza ukurasa kulia kumalizia mstari, kisha anarudi kushoto kuutafuta mstari unaofuata. Kurasa tatu zinavumilika. Moduli ya kurasa themanini kwa mwalimu anayejiendeleza usiku, baada ya vipindi na shughuli za shambani, haivumiliki, na anayedai inavumilika aulizwe aliishia ukurasa wa ngapi.

Mfano bora uko hapa hapa kijijini. Ziwa Kisiba, hili ziwa la kreta ambalo kipenyo chake hakifiki kilomita moja, limeandikwa katika majarida makubwa ya sayansi duniani kwa jina la Massoko. Mwaka 2003 jarida la Quaternary Research lilichapisha historia ya miaka 50,000 ya hali ya hewa na milipuko ya volkano, iliyosomwa katika tope la chini ya ziwa hili. Desemba 2015 jarida la Science lilitoa utafiti juu ya samaki wake: jamii moja iko njiani kugawanyika kuwa mbili humo humo ziwani, madume wa maji ya kina kifupi wakiwa wa njano na wale wa kina kirefu wakiwa wa buluu iliyokolea. Mmoja wa waandishi wake ni Mtanzania, Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Mwalimu wa Biolojia anayefundisha mageuko hapa Masoko hatapata mfano ulio karibu kuliko huo hata akizunguka dunia nzima. Lakini kurasa za Science hupangwa kwa safu tatu za herufi ambazo hata kwenye karatasi ni ndogo. Kwenye kishikwambi zinakuwa vumbi. Elimu juu ya ziwa letu wenyewe inapatikana, imeshapakuliwa, na haisomeki.

Watetezi wa programu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Programu kama ReadEra hukata pambizo, na KOReader huweza hata kuyapanga upya maandishi ya PDF. Ni kweli. Ukurasa wa A4 wenye pambizo pana ukikatwa vizuri, ile herufi ya pointi 12 inarudi kwenye pointi 10 katika kioo cha inchi 10, na hapo mtu anasoma. Hoja hiyo inaishia hapo, kwenye maandishi matupu yenye pambizo pana. Ukija kwenye jedwali, mlinganyo wa hisabati, ramani au safu tatu, upangaji huo unavuruga ukurasa, na jedwali lililovurugika humpotosha msomaji kuliko lile lisiloonekana.

Kwa upande mwingine, wauzaji wa visomeo vikubwa nao wasituhadae. Kisomeo cha inchi 10.3 kinaonyesha A4 kwa takriban asilimia 70 tu, hatua ndogo mbele ya kishikwambi. Kinachobadilisha mambo ni kile cha inchi 13.3, ambacho kioo chake kinakaribia sentimita 27 kwa 20: ukurasa unabaki na asilimia 90 ya ukubwa wake na hakuna cha kukuza. Wino wake ni chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji, zinazopanda na kushuka ndani ya vidonge vidogo mno umeme unapopita. Ukurasa ukishatulia hautumii umeme wowote kubaki pale, ndiyo maana chaji moja huenda siku nyingi. Umeme ukikatika jioni, anayeelewa faida hiyo ni yule aliyebaki na kishikwambi chenye asilimia tisa ya chaji.

Wino huo hauna mwanga wake wenyewe. Unaonekana kwa mwanga unaoupiga, kama karatasi. Juani ni raha. Lakini Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ofisi ya walimu saa tisa alasiri ya mwezi Aprili, ukungu umetanda, ni giza. Atakayenunua kisomeo kisicho na taa ya mbele atakuwa amekosea. Rangi nazo ni tatizo: visomeo vingi huonyesha kijivu tu, na vile vya rangi hupauka. Wale samaki wa njano na wa buluu wa Kisiba wanageuka wote kijivu, na hoja nzima ya picha inapotea. Kwa picha hiyo, kwa sauti, kwa video ya jaribio la maabara, kishikwambi ndicho chenyewe. Kadhalika kwa asiyeona, anayesomewa maandishi kwa sauti. Marekani mwaka 2009 vyuo kadhaa vilijaribu kisomeo cha Kindle DX cha inchi 9.7, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kikashtakiwa kwa sababu mwanafunzi asiyeona hakuweza kuiendesha menyu yake.

Wanaotaja rangi nakubaliana na hoja yao. Ninaowapinga ni wanaosema kifaa kinachofanya kila kitu kinafaa kwa kila kitu. Kishikwambi cha mwalimu kililetwa kwa kazi ya takwimu na bado ni chombo cha kazi: humo ndimo linamoingia kundi la WhatsApp la shule, humo afisa elimu kata anadai idadi ya madawati kabla ya saa sita, humo zimo video na mpira. Mwalimu anayefungua moduli yake ya mafunzo kazini, MEWAKA, anakatizwa na mwajiri wake kupitia kioo kile kile alichopewa asomee. Tusimlaumu kwa kukosa nidhamu. Tumempa meza moja ya kulia, kuandikia na kupokea wageni, kisha tunashangaa kitabu hakiishi.

Bei ndiyo kikwazo cha kweli. Kisomeo cha inchi 13.3 hupita dola 600, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kabla ya usafiri na kodi. Hakuna mwalimu wa Masoko atakayekinunua peke yake, wala simshauri. Lakini vituo vya walimu vipo katika kata, na kifaa cha kusomea kinaazimika: kinabeba maelfu ya kurasa, hakina kundi la WhatsApp, na mtu akikirudisha mwenzake anakichukua.

Kwa hiyo naomba pande mbili. Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe inunue visomeo viwili vya inchi 13.3, vyenye taa, iviweke katika kituo kimoja cha walimu kwa mwaka mmoja, na iandike nani aliazima nini na alifika ukurasa gani. Na Taasisi ya Elimu Tanzania, inayotoa mihtasari yake kwa PDF, itoe pia maandishi yake katika faili linalojipanga kufuata kioo, yaani EPUB, ili hata mwenye simu ndogo asome bila kuvuta ukurasa kwa vidole. Hilo la pili halihitaji kununua kifaa chochote, na linaweza kuanza na kitabu kimoja mwaka huu.