Jágr na Uzito wa Kupendwa

Mabishano ya Wacheki kuhusu mchezaji wao bora wa hoki ya barafuni hayakosi majina mawili: mshambuliaji Jaromír Jágr na golikipa Dominik Hašek. Kwa siku moja ya kuamua mambo, mimi namchagua Hašek. Nusu fainali ya Olimpiki ya Nagano, 1998, iliishia kwenye penalti. Wakanada watano wakamjia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemfunga. Fainali, Urusi ikalala 1-0.

Lakini kupendwa hakupimwi kwa siku moja. Jágr alivaa namba 68 kukumbuka mwaka 1968, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Prague. Mwaka huohuo alifariki babu yake, ambaye aliwahi kufungwa na utawala wa kikomunisti. Kijana aliyeondoka mji wake wa Kladno mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 18 alikwenda Marekani na historia ya nyumbani mgongoni, na kila bao lake likaitangaza. Wapo wanaoona alijipinga mwenyewe mwaka 2008 alipohamia Omsk, Urusi, akacheza huko misimu mitatu. Sikubaliani nao. Namba ile ililaani uvamizi. Haikuwalaani mashabiki wa Omsk.

Upendo wenyewe hubadilika. Pittsburgh, alikotwaa Kombe la Stanley, taji la ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, mwaka 1991 na 1992, walimzomea vikali baada ya yeye kuichagua Philadelphia badala yao mwaka 2011. Februari 2024 mji huohuo ukaistaafisha jezi yake kwa shangwe. Katikati ya kelele hizo, pointi zake 1,921 katika ligi ya NHL zilibaki palepale, za pili nyuma ya Wayne Gretzky. Heshima yake kama mchezaji haikupaswa kupanda wala kushuka kwa sababu ya mkataba mmoja.

Swali gumu zaidi liko Kladno, mji wa viwanda vya chuma jirani na Prague. Jágr alikuwa mmiliki wa klabu ya huko, na aliendelea kuingia barafuni hata baada ya kutimiza miaka 50. Faida yake ilikuwa wazi: jina lake lilijaza viti na kuvuta wadhamini, na klabu ndogo haiwezi kudharau fedha hizo. Hata hivyo, kocha angempumzishaje mtu aliyemlipa mshahara? Na kijana wa akademi angemwambia nani kwamba dakika zile alistahili kupewa yeye? Hapo ndipo umaarufu unapogharimu, kwa sababu umati unaomshangilia Jágr hauwezi pia kumhoji. Kwa maoni yangu, msaada mkubwa zaidi ambao angeweza kuutoa kwa Kladno katika umri ule ulikuwa ofisini, kwenye kusaka wadhamini na kulea vijana, na angeuacha uamuzi wa nani acheze kwa mtu asiye mwajiriwa wake.