Mchangamfu si Lazima Awe Mhusika Hai

Umezuka mtindo katika uhakiki wa Kiswahili, hapa Njoro na kwingineko, wa kumwita kila mhusika aliyesawiriwa vyema 'mchangamfu', kwa kuwa ndivyo kivumishi cha Kiingereza 'lively' kinavyofasiriwa. Ufasiri huo unapotosha. Kiingereza kinaunganisha sifa mbili ambazo Kiswahili kinazitenga: uchangamfu, ambao ni tabia ya mtu mbele ya wenzake, na uhai, ambao ni zao la ufundi wa mwandishi. Kazimoto katika riwaya ya Kezilahabi, Kichwamaji (1974), ni mtu aliyekata tamaa, na hatimaye anajiua. Nani atamwita mchangamfu? Hata hivyo, ni wahusika wachache walio hai kumshinda. Mhakiki anayefikiri kwa Kiingereza akaandika kwa Kiswahili atatafuta bashasha na kumpita Kazimoto bila ya kumwona.