Joto la Akina Mama Si Jambo la Kuonea Haya

Hapa Muthurwa, mtaa uliojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, kuta ni nyembamba na siri hazikai. Walakini siri moja ilinipita miezi mingi, nayo ilikuwa nyumbani mwangu.

Shangazi yangu alitoka Mombasa kuja kutibiwa saratani ya matiti. Usiku akiamka shuka ni chapachapa kwa jasho. Wageni wakija, uso humuiva ghafla, akakimbilia uani kuvua buibui na kujipepea. Nikimwuliza, hujibu, "Ni joto tu, mwanangu." Joto gani, na Nairobi ni Julai?

Kumbe alikwisha acha dawa! Tamoksifeni aliyopewa aliiona ndiyo inayomchoma. Kwa hilo hakukosea. Alikosea kuiacha kimyakimya. Dawa hiyo huzuia homoni ya istrojeni isiilishe saratani, na humezwa miaka mitano, wengine hata kumi. Istrojeni ikizuiwa, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huvurugika: joto dogo huliona kubwa, ikamwaga jasho pasipo haja.

Jirani mmoja, kwa nia njema, alimshauri ameze vidonge vya homoni. Lahaula! Mwaka 2003 utafiti ulioongozwa kutoka Sweden ulikatizwa kwa sababu wanawake waliopona saratani ya matiti, wakapewa homoni, walirudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao.

Njia nyingine ziko. Venlafaksini, dawa ya ugonjwa wa huzuni, ilionyeshwa Marekani mwaka 2000 kuwa hupunguza joto hilo. Gabapentini ya kifafa na oksibutinini ya kibofu nazo husaidia. Lakini si za kujinunulia ovyo: paroksetini, iliyo jamaa ya dawa hizo za huzuni, hudhoofisha kazi ya tamoksifeni. Hapana budi daktari achague.

Naam, najua wako watakaosema mambo haya si ya kuandikwa gazetini, tena na mwanamume. Nawajibu kwamba Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza dini yao. Ikiwa haya haikufunga mlango wa elimu ya dini, kwa nini tuifanye kufuli ya mlango wa tiba? Na madaktari nao wasingoje kuambiwa. Kumwandikia mama dawa ya miaka mitano bila ya kumwuliza analalaje, ni kazi nusu.

Shangazi alirudi kliniki, akaeleza yote, akaongezewa dawa ya kutuliza joto na kuanza tena tamoksifeni. Joto halikwisha, ila limepungua. Shuka hazianikwi tena kila asubuhi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mama anayejipepea wakati wa baridi, mwulize kwa upole. Mficha maradhi, kifo humuumbua.