KABURI LA NYANYA YAKO SI MADHABAHU YA SHETANI



Leo nitasema jambo, hata kama wengine mtanuna.

Desemba ikikaribia, koo nyingi hupanga kukutana nyumbani. Wanafyeka kaburi la babu na nyanya, wanaliwekea saruji na msalaba, wanakula pamoja, wajukuu wanajuana. Na kila mwaka napata ujumbe uleule: "Mchungaji, mimi nimeokoka. Hiyo si kuabudu mizimu?"

Mpendwa, nikuulize. Binti yako umemwita jina la nyanya yako. Jina ulilichukua bila kuogopa mapepo. Sasa mapepo yameingilia wapi? Kwenye nyasi za kaburi, au kwenye mchango ulioambiwa utume?

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatuogopi mizimu. Tunaogopa kukutana na mjomba tuliyegombana naye kuhusu shamba. Tunaogopa binamu watakaotuomba karo. Halafu kinyongo na uchoyo wetu tunauita utakatifu. "Nimejitenga na laana za ukoo." HAPANA. Umejitenga na ukoo, lakini kinyongo umekibeba.

Na sisi wachungaji tuna hatia. Mtu amekosa kazi, tunamwambia ni shangazi yake kijijini. Biashara imeanguka, tunamtaja nyanya aliyekufa. Nyanya yuleyule aliyeuza kuku ili mjukuu asifukuzwe shule! Tumejaza makanisa kwa hofu, na nyuma yetu tumeacha ndugu wasiosalimiana. Nami nimewahi kuhubiri hivyo. Nimetubu.

Fungua Biblia. Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja (Mwanzo 25:9). Ishmaeli, aliyefukuzwa nyumbani na mkate na kiriba cha maji! Isaka alipokufa, Esau na Yakobo walimzika (Mwanzo 35:29). Musa alipotoka Misri, alibeba mifupa ya Yusufu (Kutoka 13:19). Kama kuheshimu waliotutangulia ni uchawi, Musa alikuwa nani? Na Paulo, akiisifu imani ya Timotheo, anamtaja kwa jina bibi yake Loisi (2 Timotheo 1:5).

Usinielewe vibaya. Kumbukumbu la Torati 18 imekataza kutafuta habari kwa wafu, na mlango huo haufunguliwi tena. Pombe ikimwagwa kaburini, simama kando. Mbuzi akichinjwa ili kumtuliza marehemu, usile. Wakimwomba babu awabariki, wewe mwombe Mungu aliyemuumba babu. Na ukikataa, kataa kwa adabu, usiwatukane wazee.

Lakini kufyeka si kuabudu. Kusimulia jinsi nyanya alivyolea mayatima si kuabudu. Kuwaonyesha watoto binamu zao si kuabudu. Afadhali wajuane sasa, kuliko siku moja kijana wako alete mchumba nyumbani mkagundua ni damu yenu.

Umefunga na kuomba miaka mingi ukoo wako uokoke. Sasa wamekusanyika wote mahali pamoja, wamekualika, pengine watakupa hata nafasi ya kuomba. Na wewe unatafuta sababu ya kukosa! Ulitaka Mungu akuletee wasikilizaji gani tena?

1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Hayo si maneno ya mchungaji wako. Ni Neno.

Basi wiki hii fanya haya. Rudi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ulilotoka kwa hasira. Tuma mchango, hata kama ni shilingi mia mbili. Kisha mpigie yule mmoja ambaye hamjaongea tangu mazishi. Usingoje matanga mengine ndiyo mkutane mkilia.

Bwana, tuponye na kiburi kinachojiita wokovu. Turudishe nyumbani na mikono safi. Katika jina la Yesu.

Leo usiniandikie AMINA hapa chini kabla hujapiga hiyo simu.