Kutu Nyeupe na Lugha ya Mafundi

Neno kutu, katika fikira za wengi wetu, lina rangi: ni nyekundu, hula chuma na huonekana upesi. Ndiyo maana mwanagenzi akiletewa boti kuukuu ya alumini aifufue, aghalabu huitazama, asione wekundu wowote, akadhani ni nzima. Unga mweupe uliojificha kwenye ribiti haumshtui, kwa kuwa hana jina lake. Hili ndilo jambo ambalo walimu na wanafunzi wetu hawana budi kulitafakari. Ujuzi usio na msamiati hurithishwa kwa shida, na majini kosa la fundi hulipwa na abiria.

Vyombo vya mbao vina lugha kamili. Mafundi wa Lamu hawapungukiwi na maneno: mkuku, taruma, usukani, na kitenzi kukalafati, yaani kujaza pamba baina ya mbao ili maji yasipenye. Hata hivyo, maarifa hayo hayahamii yote kwenye alumini. Mbao ikilowa hufura na kuziba upenyo, alumini haifuri. Rangi yenye shaba, inayozuia viumbe vya baharini kuganda kwenye mbao, ni sumu kwa alumini.

Sababu yake inaelezeka kwa Kiswahili. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huzalisha umeme mfano wa betri, na moja huliwa. Baina ya shaba na alumini, inayoliwa ni alumini. Ndipo hufungwa kipande cha zinki chini ya chombo, kiliwe badala yake. Tukikiita zinki ya kafara, ni mwanafunzi gani atakayehitaji ufafanuzi zaidi?

Mashini ya nyuma nayo ina yake. Petroli iliyolala miaka mingi huacha utando unaonata na kuziba kabureta. Kipande cha mpira kinachosukuma maji ya kuipoza injini hukauka kikapasuka. Kwa hiyo, baada ya kukibadilisha, mashini hujaribiwa ndani ya pipa la maji, kamwe si pakavu. Mashini nyingi za mipigo miwili hutumia petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, ingawa baadhi ya zile za zamani huhitaji oili zaidi. Anayekisia kipimo hicho huenda akaiua injini katikati ya mkondo.

Wapo watakaosema kwamba maelezo ya mashini hizo yameandikwa kwa Kiingereza, na kwamba hayo yatosha. Hayatoshi. Mwanagenzi wa gatini hufundishwa kwa mdomo, na huko Pwani hufundishwa kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Lugha hiyo isipoweza kueleza kwa nini boti inavuja, urasmi wake utakuwa wa jina tu.

Yafaa basi taasisi zetu za ufundi zitafute boti moja iliyochakaa, pamoja na mashini yake, na kumkutanisha mwalimu wa Fizikia, mwalimu wa Kiswahili na fundi wa gatini. Wanafunzi wakarabati huku wakiandika kila jina na kila hatua, hadi upatikane mwongozo wa kurasa chache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msafiri wa majini hana hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.