Mzee akianguka, tusimkalishe



Wako wazee hapa Buyenzi wanaoishi peke yao. Mmoja akiteleza alfajiri akienda kutia udhu, watoto hukimbilia kumwambia: "Baba, kaa tu ndani." Wanadhani ni huruma.

Kwa maoni yetu, hilo ni anguko la pili. Miguu isiyotembea huisha nguvu, hofu huzidi, na kuanguka tena huwa rahisi zaidi. Na kuanguka si jambo dogo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa huua watu 684,000 kila mwaka, na waliozidi miaka 60 ndio wanaoongoza.

Kwanza tumpeleke kwa daktari, aangaliwe mifupa, macho na dawa anazotumia. Kisha tutengeneze nyumba: sakafu ya bafu ikauke, ukutani pawe na chuma cha kushikilia, taa iwepo usiku, kandambili zilizolika zitupwe. Halafu tumtembeze kila siku na mkongojo wake, hata kama ni hadi msikitini tu.

Kumtendea mzazi wema ni kumlindia miguu yake, si kumnyang'anya.

Wabillahi tawfiq.