Acheni Kuitukana Mita ya Mguu Mmoja

Kuna fatwa inayotolewa kila Jumapili asubuhi pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, pale waendesha baiskeli wanapoegesha kunywa madafu. Inasema hivi: mita ya nguvu ni kifaa cha mabingwa. Ukiitaka, nunua ile ya bei mbaya inayopima miguu yote miwili. Ya bei nafuu inadanganya, heri ukae bila. Wengi wanaoitoa hawajawahi kumiliki mita yoyote. Baadhi yao wamekalia baiskeli zenye magurudumu ya kaboni ambayo bei yake ingenunua mita tatu, na magurudumu hayo hayajawahi kumwambia mwenyewe lolote kuhusu mapafu yake.

Fatwa hii naipinga yote.

Mita ya nguvu haina uchawi. Juu ya mkono wa pedali hugundishwa vihisio vyembamba. Ukikanyaga, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini kihisio kinakiona. Nguvu hiyo ya kuzungusha ikizidishwa kwa kasi ya mizunguko, zinapatikana wati. Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM mwaka 1986 kwa ajili ya kipimo hiki, na kwa miaka mingi aliyekitaka alilipa maelfu ya dola. Mwaka 2012 kampuni ya Stages ya Marekani ikaja na hesabu ya mtu anayebana matumizi: pima mguu wa kushoto tu, kisha zidisha kwa mbili. Bei ikaanzia dola 699. Leo unapata mkono wa kushoto wenye mita kwa chini ya dola 400. Si pesa ndogo kwa mtu wa Dar es Salaam, nakubali, ila ni pesa ambayo watu hawa hawa huitoa kwa viatu na kiti bila kuulizana maswali.

Kuzidisha kwa mbili ndiko kunakowaudhi. Nani kasema mguu wa kulia una nguvu sawa na wa kushoto? Hakuna aliyesema. Karibu kila mtu ana mguu unaofanya kazi zaidi ya mwenzake. Kama wa kushoto wako unatoa asilimia 48 ya kazi, siku uliyotoa wati 200 mita itaandika 192. Haya, umepunjwa wati nane. Ulitaka kuzifanyia nini?

Jibu la kweli ni moja tu: ulitaka kumtambia mwenzako. Kwa kutambiana, usahihi wa wati nane ni jambo kubwa. Kwa mazoezi haumsaidii mtu, kwa sababu mazoezi yanakulinganisha wewe wa leo na wewe wa Machi. Mama anayeuza mchele kwa kisado kilichobonyea kidogo anajua vizuri kama gunia la wiki hii limetoa faida kuliko la wiki iliyopita, almuradi hajabadilisha kisado.

Wanaosema mabingwa hawawezi kugusa mita ya mguu mmoja wamsikilize Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa mbio za baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu. Timu yake ya Sky ilianza kutumia mita za Stages mwaka 2014, hizo hizo za kushoto tu, na akiwa nazo Froome alishinda Tour de France ya 2015 na ya 2016. Watazamaji walimcheka kwa kuinama akitazama namba badala ya barabara. Mwaka 2015, baada ya kuwaacha wenzake kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin, tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zilipamba moto na timu ikalazimika kuanika takwimu zake: wastani wa wati 414 kwa takriban dakika 41. Kisha wakaongeza maelezo ambayo watoa fatwa wa kando ya barabara wangeyasoma mara mbili. Froome alitumia gia ya mbele yenye umbo la yai, na gia hiyo huifanya mita isome zaidi ya kweli. Wao walikadiria asilimia 6. Wakaipunguza, wakagawa kwa uzito wake wa kilo 67.5, wakapata wati 5.78 kwa kila kilo.

Yaani timu tajiri kuliko zote ilijua mita ya bingwa wake inakosea, ilijua inakosea kwa kiasi gani, na ikaendelea kuitumia kupanga mazoezi na mbio. Wewe wa Jumapili unadai usahihi wa kiwango gani zaidi ya huo?

Wapo pia wanaosema wati zinaua roho ya mchezo. Alberto Contador na Nairo Quintana waliwahi kutaka mita zipigwe marufuku kwenye mbio. Hayo ni ya mashindano na burudani ya watazamaji. Mtu anayefukuzana na kitambi kabla ya kwenda kazini hayamhusu.

Yanayomhusu ni haya. Chukua barabara usiyosimama, kanyaga dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzistahimili hadi mwisho. Toa asilimia 5 ya wastani wako. Ukipata 210, kizingiti chako, yaani nguvu unayoweza kuistahimili kwa muda mrefu, ni kama wati 200. Kwa mgawanyo wa Mmarekani Andrew Coggan, ambao wengi wanaufuata, safari ya kujenga stamina inakaa kati ya asilimia 56 na 75 ya kizingiti: kwako ni wati 112 hadi 150. Sasa itazame safari yako ya kawaida. Utakuta unazunguka kwenye 165 na 170, siku zote, kwa sababu kila ukitoka na wenzako mnapiga ligi. Wati 170 ni nyingi mno kwa siku ya kupumzisha miguu na chache mno kwa siku ya kazi nzito. Mwaka unaisha umechoka na uko pale pale. Faida kubwa ya mita ya bei nafuu ni hiyo: inakuaibisha uende polepole. Halafu siku ya kukanyaga kweli unakuwa na miguu ya kukanyagia.

Kasi haiwezi kukuambia hivyo, na kwetu pwani ndiyo kabisa. Msimu wa kusi ukitoka Dar kwenda Bagamoyo upepo unakusukuma mgongoni, ukafika ukijiona Froome. Ukirudi, kilomita 24 kwa saa zinakutoa roho. Jifiche nyuma ya kundi na utaenda 35 huku miguu inapiga stori. Ule wastani wa 30 mnaouabudu unapima upepo na mgongo wa aliyekutangulia. Mapigo ya moyo ni ya kweli zaidi, lakini huchelewa, na kwenye joto la Februari moyo hupanda polepole hata kama kazi haijabadilika. Ukiwa na wati na mapigo kwa pamoja unapata kitu cha thamani: wati 140 zilizokuwa zinakupeleka mapigo 150 zikikupeleka 141, katika joto lile lile, umeimarika, hata kama hakuna uliyempita.

Nitawaachia wakosoaji kitu kimoja. Iko mita ambayo leo inasoma juu, kesho chini, bila mpango. Hiyo haifai, iwe ya dola 300 au 1,500. Na mguu wa kushoto unaweza kubadili mchango wake ukichoka sana, au baada ya jeraha. Hapo mita ya upande mmoja itakupotosha kidogo. Ila bei haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya mita thabiti na kigeugeu. Kupima kunaweza.

Kabla ya kila safari, ikiwa baiskeli imeshazoea joto la nje, sawazisha sifuri ya mita. Ni sekunde chache na wengi hawafanyi. Na kama programu ya mita yako inaonyesha nguvu ya kuzungusha, shika breki, ulaze mkono wa kushoto mbele sawa na ardhi, uning'inize kwenye pedali uzito wa kilo 10 uliopimwa vizuri. Kwa mkono wa milimita 170, chuma hicho kinabeba karibu nyutonimita 16.7. Mita ikisema 17.2, iandike. Rudia baada ya wiki, na baada ya mwezi. Ikisema tena 17.2, nenda kaendeshe.